Beringi ya mbele ya pikapu imeganda haitoki: jua kwanza imeshikia wapi

Kabla hujaenda kuazima nyundo ya kilo tano kwa jirani jiulize kitu kimoja tu, imeshikia wapi? Maana watu wanasema "beringi imeganda" kama vile ni ugonjwa mmoja, kumbe kwenye mguu wa mbele wa pikapu kuna sehemu kama nne ambazo kutu au joto vinaweza kushika, na kila moja ina dawa yake. Ukipiga pasipohusika unaua nyuzi za shafti, unaua bol jointi (kiungo cha mpira kinachoshika nako kwenye mikono ya springi), unapasua disiki, afu beringi bado imekaa pale pale inakuangalia.

Nitaongelea zaidi Toyota Hilux Vigo 4x4, zile za 2004 mpaka 2015, kwa sababu ndo zimejaa mitaani na ndo zinaletwa gereji kila wiki. Beringi yake imo ndani ya nyumba yake yenyewe, na hiyo nyumba inafungwa na bolti nne kutokea nyuma ya nako, lile chuma kubwa linaloshika tairi, breki na stelingi kwa pamoja. Habu, yenye zile stadi sita za tairi, imesukumwa kwa presi ikaingia katikati ya beringi. Draivu shafti inapita katikati ya habu kwa meno na kufungwa na nati kubwa kwa nje. Sasa hesabu mwenyewe: meno ya shafti yanaweza kushika kwenye habu, nyumba ya beringi inaweza kushika kwenye nako, habu inaweza kushika kwenye beringi, na hata ukifanikiwa yote hayo ile ringi ndogo ya ndani inabaki imeng'ang'ania kwenye shingo ya habu. Hilux za zamani kama LN106 ni habari nyingine, zile zina beringi mbili za pipa zilizochongoka kila upande na unazikaza mwenyewe kwa nati, nitazigusa huko chini.

Hakikisha kwanza ni beringi

Mlio ndo unaotangulia. Unaanza kama mvumo wa mbali ukifika spidi ya 50 au 60, unapanda kadiri unavyoongeza mwendo, ukitoa gia gari ikaserereka bado upo vile vile, kwa hiyo sio injini. Tatizo ni kwamba tairi lililolika vibaya nalo linavuma hivyo hivyo na kuna watu wameshanunua beringi mbili wakati shida ilikuwa tairi. Tairi hubadili sauti ukitoka kwenye lami ya kokoto kuingia lami laini. Beringi haina habari na lami, yenyewe inajali uzito. Kata kona ndefu ya kulia, uzito unahamia kushoto, mvumo ukizidi basi mgonjwa ni wa kushoto, na kinyume chake. Kama bado una mashaka inua gari kwa jeki, weka stendi, shika springi ya mbele kwa mkono mmoja huku unazungusha tairi kwa mkono mwingine, beringi iliyochoka utaisikia kwenye springi kama kuna mchanga unasagika ndani.

Kucheza nako kuna mitego. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza usikimbilie dukani, mwambie mtu akanyage breki ashikilie afu utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi, kwa sababu breki imefunga disiki na nako kuwa kitu kimoja. Ukibaki ni bol jointi. Ukishika kushoto na kulia ndo likacheza, angalia tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza tairi) kwanza.

Kuna dalili moja ambayo wengi wanaichanganya na tatizo la breki: unatoka kwenye kona kali, unakanyaga breki, pedali inashuka sana mara ya kwanza, ya pili iko sawa. Disiki inayumba kwa sababu beringi imelegea, ikiyumba inasukuma pedi zirudi ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye disiki), kwa hiyo kanyago la kwanza linatumika kuzirudisha mahali pake. Mtu atatoa upepo kwenye breki mara tatu na hataona mabadiliko. Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) kuwaka na kuzima barabara mbovu ni ndugu wa hiyo hiyo, sensa inataka nafasi ndogo isiyobadilika kati yake na kile inachokisoma, habu ikicheza nafasi inabadilika.

Sasa tairi likigoma kabisa kuzunguka, hapo ndo watu wengi wanasema beringi imeganda na mara nyingi sio. Toa tairi, legeza nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Maji ya breki yakiruka na habu ikawa huru, basi shida ni breki, hosi imevimba kwa ndani inaruhusu presha kwenda lakini hairuhusu kurudi. Kama hakuna mabadiliko fungua kalipa nzima, itundike kwa waya kwenye springi usiiache ining'inie kwa hosi yake, halafu zungusha disiki kwa mkono. Ikizunguka laini, pistoni za kalipa ndo zimeganda. Ikigoma au ikizunguka kwa kukwaruza, haya, tumefika kwenye beringi.

Angalia pia rangi. Chuma cha beringi kikipata joto la kama nyuzi 300 kinageuka bluu. Ukiona bluu kwenye shingo ya habu au kwenye stabu (ekseli fupi inayobeba habu) za gari za zamani usiwaze kusafisha, hicho chuma kimeshapoteza ugumu wake, kiweke pembeni tafuta kingine.

Imegandaje

Maji, mara nyingi ni maji. Umekimbiza gari kilomita 80, beringi imepata moto, hewa iliyomo ndani imepanuka, unaingia mtoni au kwenye dimbwi refu ghafla, ile hewa inapoa inasinyaa na kunyonya maji kupitia kwenye sili, ile raba inayoziba beringi. Siku hiyo husikii kitu. Wiki kadhaa baadaye grisi imekuwa kama maziwa yaliyoganda na gololi zimeanza kutoboka vidoti vidoti.

Gari za pwani zina lao zaidi. Pikapu inayoshuka mpaka dikoni kubeba samaki, Kilwa, Bagamoyo, Mafia, popote, inakanyaga mchanga wa chumvi na hakuna mtu anayeiosha kwa chini. Chumvi haiingii lazima kwenye beringi, inakaa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya nyumba ya beringi na nako, kutu inaota pale, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inabana kama kabari pande zote. Ndo maana gari ya pwani unaweza kukuta beringi bado inazunguka vizuri tu lakini haitoki kwa namna yoyote, na gari ya Dodoma beringi imekufa kabisa ila ukigonga mara mbili imedondoka.

Sababu zingine ni za kibinadamu. Tani mbili kwenye gari ya tani moja. Rimu pana zinazotokeza nje, zinahamisha uzito kutoka katikati ya beringi. Beringi feki. Na beringi nzuri iliyowekwa vibaya, hii nitairudia maana ndo inayoudhi zaidi.

Nati kubwa haifunguki

Hapa usianze na gari ikiwa juu. Toa kofia ya katikati ya rimu tairi likiwa bado limefungwa na liko chini, toa spilit pini na kile kikombe cha nati, kanyagisha breki mtu, weka soketi ya 35 na nondo yenye bomba refu. Soketi iwe ya pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili itazungusha kona za nati. Ukiona bomba linapinda na nati haisogei usizidi kuongeza bomba, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, weka oili ya kulegeza kutu, gonga uso wa nati kwa nyundo kuzunguka, kaza kidogo kwanza afu ndo ufungue. Hiyo ya kukaza kidogo inavunja kutu kuliko kulazimisha kufungua.

Ikigoma bado, chukua grenda yenye diski nyembamba, kata ubavu mmoja wa nati kwa kufuata urefu wa shafti mpaka ubakize karatasi tu usiguse nyuzi, weka tindo kwenye mfereji gonga, nati inapasuka. Nati ni hela ndogo, shafti sio.

Nati imetoka lakini shafti haisogei

Hapa ndo panaharibika pakubwa. Unaona mtu anapiga ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma mpaka inafanya kichwa cha uyoga, nyuzi zimekwisha, afu anakuambia ulete shafti mpya. Rudisha nati kinyumenyume mpaka uso wake ulingane na ncha ya shafti, weka kipande cha shaba au mbao ngumu juu, ndo upige, mapigo mafupi yenye nguvu. Mapigo matatu ya namna hiyo yakishindwa acha, mengine hamsini hayatasaidia.

Tumia pula. Ya kukodi, ya kutengeneza, yoyote: bamba nene lenye matundu linalofungwa kwenye stadi za tairi, na bolti kubwa ya katikati inayosukuma shafti kwenda ndani. Kaza mpaka iwe ngumu kweli, halafu ukiwa umebana hivyo gonga kichwa cha bolti ya pula pigo moja. Haijatoka? Iache imebanwa, ongeza oili kwenye meno, nenda kanywe chai. Nimeona shafti ikiruka yenyewe "taa!" wakati fundi yuko ng'ambo ya barabara anakula chapati. Ukitaka moto, pasha habu kuzunguka, sio shafti, lengo ni habu ipanuke shafti ibaki baridi.

Na usivute shafti kwa kutokea nje wala kuiacha ining'inie, jointi ya ndani inaachana na raba inachanika, ikishatoka kwenye habu ifunge kwa kamba.

Disiki na sensa

Disiki iliyoshika kwenye habu ni kazi ndogo, nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti mbili za M8, kaza moja kidogo na nyingine kidogo, inajisukuma yenyewe. Sensa ya ABS sio ndogo hivyo. Ile plastiki ikishakaa miaka pwani ukiivuta inakatika kichwa kinabaki ndani. Toa bolti yake, weka oili, izungushe kushoto kulia kwa vidole au koleo taratibu, ikigoma iache, chomoa soketi ya waya kule juu utoke nayo nzima. Ila jua iko wapi kabla hujawasha moto.

Bolti nne zimetoka, beringi imekaa tu

Hili ndo lenyewe, hili ndo linalowaleta watu gereji na mguu umefungwa kwenye mfuko.

Ushauri wangu usihangaike nayo ikiwa kwenye gari. Watu wanaogopa kufungua nako kwa sababu inaonekana kazi kubwa lakini masaa utakayopoteza umelala chini unapiga kitu kinachoyumba kwenye springi ni mengi kuliko kufungua tairodi na bol jointi mbili. Zile bol jointi usizipige kwenye ncha, legeza nati ibaki nyuzi mbili tatu afu piga ubavu wa tundu la nako linaloshika ile pini, nyundo mbili pande mbili mkabala ukiweza, inaruka yenyewe. Fungua nako, iweke mezani au kwenye kipande cha reli. Sasa kila pigo linakwenda unapotaka.

Angalia kwanza pale nyumba ya beringi inapokutana na nako. Utaona mstari wa kahawia, saa ingine umevimba mpaka umefunga mwanya wote. Ule mstari ukwangue kwa ncha ya bisibisi kuzunguka kote mpaka uone chuma cheupe, hapo ndo oili itapata njia ya kuingia, ukimwaga juu ya kutu iliyoziba inachuruzika tu chini. Oili gani? Wengine wana chupa yao ya ATF (oili ya gia otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu na inafanya kazi vizuri, wengine wanatumia ya kopo. Chochote utakachoweka kipe usiku mzima. Tena weka pande zote mbili, mbele na kule nyuma zilikotoka bolti.

Kesho yake chukua zile bolti nne au nyingine za nyuzi hizo hizo ndefu zaidi, zirudishe kwa nyuma lakini usizikaze, acha vichwa vikae nje kama sentimita moja. Gonga vichwa kwa zamu ya msalaba, hii, kisha ya mkabala wake, kisha zile mbili zingine. Ukipiga upande mmoja tu nyumba inakaa mshazari na hapo umejifunga zaidi. Ukiona imesogea nusu milimita sehemu moja, shangilia kimoyomoyo afu nenda upande wa pili. Kama flenji ya beringi imeacha ukingo kwa nje weka tindo butu pale kwenye ukingo ugonge kuizungusha badala ya kuitoa, ikishazunguka hata kidogo kutu imevunjika na imekwisha kazi.

Isiposikia, moto. Na hapa hesabu inasaidia kujua moto uende wapi. Chuma kinapanuka kama sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo tundu la milimita 90 ukilipasha nyuzi 100 zaidi linafunguka kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hicho kinatosha kabisa kuvunja kutu. Lakini hiyo ni kama nako imepata moto na beringi haijapata. Ukipuliza gesi katikati kwenye beringi unaipanua beringi ndani ya tundu, yaani unajibana mwenyewe. Moto uzunguke kwa nje kwenye nako, usikae sehemu moja, hutaki kuona chuma kinakuwa chekundu, ukitema mate yakichemka papo hapo inatosha. Wengine wakishapasha wanamwagia maji beringi katikati ili isinyae, mimi maji kwenye nako ya moto siyapendi, kitambaa chenye maji kikigusa beringi peke yake sawa.

Kabla ya moto toa hosi ya breki, sensa, raba za bol jointi zifunike au zitoe, na ile dawa ya kusafishia breki usiitumie hapo kabisa. Zile zenye klorini zikipata moto zinatoa gesi ya fosjini, hiyo ni sumu ya mapafu, sio utani. Vaa miwani muda wote, chuma cha beringi ni kigumu sana, ukikipiga kwa nyundo ya chuma kinaruka vipande vidogo kama wembe. Na nyundo mbili usizigonganishe zenyewe kwa zenyewe.

Ikikataa moto, presi. Presi ya tani 20 ipo kwenye gereji nyingi za mjini, hata kwa wachonga vyuma. Nako ikae imelala sawa juu ya vyuma vinene karibu kabisa na tundu, funika kwa gunia au turubai zito, simama pembeni sio mbele yake. Beringi iliyoshika haitoki polepole, inanyamaza nyamaza afu inalia kama risasi.

Kuna watu wanaanza moja kwa moja na slaidi hama, ile fimbo yenye chuma kizito kinachoteleza, wanaifunga kwenye habu wanavuta. Shida yake ni kwamba inavuta habu, na kama nyumba imeganda kwenye nako kuliko habu ilivyoshika kwenye beringi, habu inachomoka na nusu ya beringi, nusu nyingine inabaki. Sio mwisho wa dunia ila umejiongezea kazi mbili.

Habu imetoka na ringi shingoni

Hata kazi ikienda vizuri hii utakutana nayo. Ringi ya ndani imekaa kwenye shingo ya habu imebana hakuna hata pa kuingiza kucha. Kama kuna nafasi nyuma yake tumia pula ya kisu, ile yenye makali mawili yanayopenya nyuma ya ringi. Kama hamna, grenda: kata mfereji mmoja mshazari kwenye ringi mpaka karibu na shingo, utajua umekaribia ukiona rangi ya mwanga inabadilika kwenye mstari mwembamba, simama hapo hapo. Weka tindo kwenye mfereji, pigo moja kavu, ringi inapasuka "tak" na inalegea inatoka kwa mkono. Ukigusa shingo ya habu kwa diski kidogo tu sio kesi, lainisha na msasa, ila mfereji mrefu kwenye shingo ni habu nyingine, pale ndipo beringi mpya inapokalia.

Ringi ya nje imebaki ndani ya tundu

Hii ni zaidi kwa gari ambazo beringi inaingia tupu bila nyumba, na kwa LN106 na wenzake ukibadilisha vikombe vya beringi za pipa ndani ya habu. Vile vikombe kawaida vina vinafasi viwili kwa nyuma vya kugongea kwa kipande cha shaba, upande huu na ule kwa zamu. Kama havipo au imeganda, mwite mtu wa kuchomelea, apige mstari mmoja wa weldi kuzunguka uso wa ndani wa ringi. Sio kuishika na kitu, ni mstari tu. Ukipoa unasinyaa na kuivuta ringi, mara nyingi unaigeuza nako inadondoka yenyewe. Kama bado iko kwenye gari, toa betri, na klempu ya ethi ishikwe pale pale karibu, usiifunge kwenye chasisi umeme ukapita kwenye beringi za upande wa pili na kwenye kompyuta.

Kwa hizo za zamani ringi ikiwa imeshikana na stabu yenyewe, grenda na tindo kama nilivyosema, halafu pitisha kucha kwenye stabu. Kucha ikikwama kwenye mtaro, stabu haifai.

Kurudisha bila kuiua mpya

Safisha tundu la nako kwa brashi na msasa laini mpaka ling'ae, paka grisi nyembamba sana kwenye ukuta, hiyo ndo zawadi ya fundi atakayekuja baada yako, labda ni wewe mwenyewe. Nyumba ikae kwa mkono karibu yote kabla ya bolti, bolti nne Nm 80 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa msalaba.

Kusukuma habu kwenye beringi ndo pale niliposema nitarudi. Presi ikisukuma habu, chini lazima ushikilie ringi ya ndani. Mtu akiweka beringi imekaa kwa nyumba yake ya nje na kusukuma habu kati, nguvu yote ya presi inapita kwenye gololi, zinaacha alama kwenye njia zake, na gari inatoka gereji inavuma kama ilivyoingia. Mteja anasema duka limemuuzia feki wakati beringi ilikuwa nzuri kabisa. Tafuta bomba au ringi ya zamani yenye kipimo cha ringi ya ndani, weka chini, ndo usukume.

Kuhusu feki zenyewe, zipo, Kariakoo zipo na Nairobi kule Kirinyaga Road zipo. Boksi sio ushahidi, boksi linachapishwa. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, yawe safi na mepesi, sio kama yamepigwa muhuri, linganisha na ya zamani kabla hujaitupa, na SKF, watengenezaji wa beringi, wana programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha unawatumia wanakuambia. Ukiizungusha mpya mkononi iwe na uzito laini wa grisi, ikizunguka tupu kama kitu cha kuchezea watoto irudishe.

Nati kubwa ni Nm 235. Huna torki renchi? Bomba la mita moja, kilo 24 kwenye ncha yake, ndo hiyo. Kaza breki ikiwa imekanyagwa, spilit pini mpya. Na usiiteremshe gari ikakanyaga kwa uzito wake wala kuisukuma nati ikiwa haijakazwa, hata hatua tano kwenda kupisha gari nyingine, beringi za aina hii ringi zake mbili za ndani zinashikiliwa pamoja na ile nati, bila nati unazipondaponda. Kwa za LN106 ni kinyume, hizo hukazi kwa nguvu: kaza huku unazungusha habu mbele na nyuma zikae, legeza, kaza tena kwa mkono mwepesi mpaka mchezo uishe na habu izunguke bila kukwama, ndo ufunge na nati ya pili.

Umefunga, bado kuna shida

Mvumo upo vile vile tangu dakika ya kwanza: upande uliokosewa, au tairi, au gololi zilipata presi. Mvumo haupo ila tairi lina moto baada ya safari fupi, gusa na la upande wa pili, kama tofauti ni kubwa rudi kwenye kalipa, pini zake za kuteleza zina kutu. Stelingi imekaa pembeni, ni tairodi ilizunguka ulipoifungua, peleka alaimenti.

Na taa ya ABS imewaka na haizimi. Kabla hujalaumu sensa angalia beringi uliyoweka. Nyingi za siku hizi upande mmoja una sili yenye sumaku ndani, hiyo ndo sensa inaisoma, na kwa macho pande mbili zinafanana. Ikiwekwa kinyume gari inatembea vizuri, haivumi, haichezi, ila sensa haioni kitu. Kwa hiyo kabla ya presi chukua klipu ndogo ya karatasi ipitishe karibu na kila upande, unaoivuta ndo unaokaa upande wa sensa, na sumaku kubwa au kichwa cha kukusanyia bolti usikisogeze karibu na hiyo sili maana unaifuta kabisa.